Mfongo Umejaa, Migomba Imekauka

Zamu ya maji ya Filemon ilikuwa asubuhi. Alitoka na jembe begani umande ukiwa bado majanini, akashuka mpaka kwenye mfongo. Mfongo ni ule mfereji waliouchimba wazee, unaoteremsha maji kutoka mtoni huko juu na kuyapitisha kihamba kwa kihamba, yaani kila shamba la ukoo la migomba na kahawa. Kijiji chote cha Kilema kinakunywa humo, watu, ng'ombe na migomba. Filemon alizibua mlango wa kwanza, akatoa tope na majani makavu, maji yakaingia kwenye kahawa yake. Akasimama kuyatazama. Duniani hapa kitu kilichokuwa hakijamdanganya hata siku moja ni maji ya mfongo.

Vingine vyote vilikuwa vimemdanganya. Wakubwa walisema kahawa ni mali, watu wakaishia kung'oa mibuni wapande nyanya. Wakasema matibabu ni haki ya kila mtu, kisha wakageuka wakasema kila mtu achangie. Mwaka ule wakaruhusu wanunuzi binafsi wapande mlimani na mizani zao, wakaita jambo hilo soko huru. Filemon aliuliza huru kwa nani.

Lakini la kumtia uchungu kuliko yote lilikuwa la mkewe. Alimpeleka hospitali moja huko bondeni, tumbo limeshika. Umeme ukakatika. Jenereta lilikuwepo, ila halikuwa na mafuta, na mwenye ufunguo wa stoo ya mafuta alikuwa semina. Mke wake alifia kwenye benchi, kichwa kikiwa mapajani mwake. Tangu siku hiyo Filemon aliapa kwamba hakuna mwanamke mwingine wa boma lake atakayeshushwa bondeni akafie kwenye benchi la wakubwa.

Ndiyo maana mkwewe Priska alijifungulia nyumbani. Mumewe Primus, mtoto wa pekee wa Filemon, alikuwa mlimani na watalii, kawabebea mizigo kichwani. Aliyempokea mtoto ni Dominika, dada yake mkubwa Filemon, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi. Mtoto wa kike alitoka salama, akalia vizuri. Kondo la nyuma lilikawia, likatoka vipande vipande. Dominika alilizika chini ya mgomba, wala hakulitazama mara mbili.

Basi mambo yakaenda kama yanavyoenda Uchaggani. Mzazi akafungiwa ndani alishwe. Asubuhi mtori wa ndizi na nyama, mchana maziwa, jioni kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi inayosemwa inarudisha damu kwa damu. Mzazi hatoki nje, hashiki jembe, wala baba mkwe haingii chumbani kwake. Filemon alifuata heshima hiyo. Kila asubuhi alisimama nje ya ukuta wa chumba akamsalimu kwa sauti: mmeamkaje huko? Na Priska alimjibu kwa sauti yake kubwa ya mwimba kwaya: salama, baba, shikamoo.

Siku zilivyosogea, sauti ile ikawa inapungua. Filemon aliisikia ikipungua kama mtu anavyosikia maji yakipungua usiku. Alijiambia ni uchovu wa kunyonyesha.

Asubuhi hiyo ya zamu yake alikwishamsalimu Priska kabla ya kuchukua jembe. Jibu lilikawia, na lilipokuja lilikuwa mnong'ono tu.

Sasa alikuwa anayafuata maji kuelekea chini, mlango baada ya mlango, mpaka mwisho wa kihamba. Huko, nyuma ya migomba, alimkuta dada yake ameinama na beseni. Maji machafu aliyokuwa anayamwaga yaliteremka kwenye kijitaro. Katikati yake palikuwa na uzi mwekundu, mrefu, usiokatika.

Filemon akauliza ni nini.

"Vitambaa vya mzazi," Dominika alisema, hakugeuka. "Nenda kwenye maji yako, Filemon. Haya si ya wanaume."

Akauliza kama tangu kujifungua damu haijakata. Dominika akamwambia damu chafu lazima itoke yote, ikibaki ndani inaoza. Yeye amezaa tisa, anajua. Si mila kwa mwanamume kubishana juu ya vitambaa. Lakini jicho lake lilibaki kwenye ule uzi mwekundu. Maji hayakuwahi kumdanganya.

Alipanda mpaka njiani bila kujua anakwenda wapi. Hapo akakutana na Winfrida, jirani wa kihamba cha juu, anatoka misa ya asubuhi. Winfrida alikuwa nesi mkunga. Alisomea kazi hiyo miaka mingi na bado alikuwa anaendelea kusoma, vitabu vyake vinakaa mezani pamoja na sufuria. Wanawake wa Kilema walimwamini kwa sababu hakuwahi kumcheka mtu. Akija mapumzikoni nyumbani, mkoba wake wa vipimo alikuja nao, kama mwingine anavyokuja na rozari.

"Shikamoo, Baba Primus. Mzazi hajambo?"

Filemon aliitikia marahaba. Kisha akasema kwamba yeye hospitali hataki kuisikia, na Winfrida anajua kwa nini. Anachotaka ni amtazame tu.

"Nitamtazama," Winfrida alisema. "La hospitali tuliweke pembeni kwanza."

Alipita kwake kuchukua mkoba, akaingia chumbani. Filemon alibaki nje ya ukuta, sikio likiwa kwenye mbao. Alisikia mkoba ukifunguliwa. Alisikia ule mpira wa kipimo cha presha ukijazwa upepo, fyu, fyu, fyu, kisha upepo ukitoka taratibu. Ukajazwa tena.

"Ya juu mia moja na nne," Winfrida alisema. "Ya chini themanini na nne."

Dominika akacheka kwa kufarijika. Akasema mia na nne si ndiyo nzuri hiyo, mbona yake yeye ni mia na sitini na kila akienda kliniki wanamfokea. Priska ana presha ya bibi harusi, akasema, mwacheni anywe kisusio chake.

"Shangazi, ile ya juu peke yake haitoshi kusema kitu," Winfrida alijibu, sauti yake haikupanda. "Hizi mbili zimekaribiana mno. Na mapigo yanakimbia, mia na ishirini na kitu, mtu amelala kitandani hajabeba hata kuni. Nionyeshe vitambaa."

Dominika hakucheka tena. Filemon alisikia beseni likiburutwa. Akasikia Winfrida akiuliza juu ya kondo la nyuma, lilitoka zima au lilikatika, na Dominika akijibu kwa sauti ndogo ambayo Filemon hakuwahi kuisikia kwake. Kisha Winfrida akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake.

Alimwambia Filemon waziwazi. Priska anapoteza damu, kidogo kidogo tangu siku ya kwanza. Inawezekana kipande cha kondo kimebaki tumboni, na kikiwa humo mji wa mimba haujifungi. Kisusio hakitaziba hapo. Anatakiwa hospitali sasa hivi, si kesho.

Filemon alikataa. Akasema presha ni nzuri, amesikia mwenyewe. Kwa nini wamshushe mtu ambaye presha yake ni nzuri? Wale wa bondeni si ndio wanaopenda kusema mtu mgonjwa ili wachangiwe? Aliyatapika yote, jenereta, ufunguo, semina.

Winfrida alimwacha amalize. Kisha akaonyesha kwa kidevu ule mfongo uliokuwa unapita ukingoni mwa njia.

"Baba Primus, wewe ni mtu wa maji. Ukisimama hapo ukamwaga ndoo nzima kwa mkupuo, wimbi linapanda kiasi gani?"

Filemon akaonyesha kwa kiganja.

"Na ukimwaga kikombe?"

"Kikombe hata siafu hashtuki."

"Basi moyo ni mtu mwenye ndoo. Hauteremshi damu mfululizo kama mto. Unarusha, unapumzika, unajaa, unarusha tena. Ile namba ya juu ni nguvu ya damu mshipani pale moyo unaporusha. Ile ya chini ni nguvu inayobaki pale moyo unapopumzika. Toa ya chini kwenye ya juu, unapata pengo. Pengo ndilo wimbi. Pengo ndilo linalokunong'oneza moyo umerusha ndoo au umerusha kikombe."

Filemon alipiga hesabu kichwani. Mia na nne, themanini na nne. Pengo ishirini.

Winfrida akasema kwa mwanamke kama Priska angetegemea pengo la arobaini hivi. Likishuka chini ya robo ya namba ya juu, mkunga haketi tena. Robo ya mia na nne ni ishirini na sita, na Priska ameshashuka hapo. Damu imepungua, moyo haujai vizuri, basi kila pigo linarusha kidogo. Ndiyo maana unakimbia. Unajaribu kufidia kwa vikombe vingi kile kilichokuwa kazi ya ndoo.

Filemon akatikisa kichwa. Kulikuwa na kitu hakikumkaa sawa. Kama maji yamepungua huko juu, akauliza, mbona ile namba ya chini haikushuka? Mfongo ukikosa maji, kina kinashuka. Hilo mtoto mdogo analijua.

"Kinashuka kila mara?" Winfrida aliuliza. "Maji yakipungua mtoni, mgawa maji anafanyaje?"

Filemon aligeuka akautazama mfongo. Alifanya kazi hiyo miaka na miaka. Maji yakipungua, mgawa maji anafunga milango ya pembeni. Anafunga kwa huyu, anafunga kwa yule. Mfongo mkubwa unabaki umejaa. Mpita njia akiutazama atasema Kilema wana maji tele. Lakini mashambani huko migomba imejikunja majani.

"Anafunga milango," alisema taratibu.

"Mwili nao unafunga. Mishipa midogo ya mikono na miguu inajibana, ili damu iliyobaki ifike kwenye ubongo na moyo wenyewe. Ndiyo inayoishikilia namba ya chini isianguke. Mwili una akili, Baba Primus, unajitetea mpaka unachoka. Ukichoka, namba zote zinaporomoka kwa pamoja, na hapo tunakuwa tumechelewa. Sasa ingia ndani ukaangalie shamba."

Filemon alirudi hatua nyuma. Kuingia chumba cha mzazi? Baba mkwe? Dominika alikuwa ameshafungua mlango. Alimtazama mdogo wake, akasogea pembeni ampishe.

Akaingia. Kichwa alikiinamisha kama yuko kanisani. Priska alilala chali, midomo myeupe, mtoto kifuani. Macho yalikuwa wazi, akajaribu kumwamkia baba mkwe wake hata hapo. Filemon alinyoosha mkono wake mgumu wa jembe, akashika mguu uliotokeza kwenye blanketi.

Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Na nje jua lilikuwa limeshapanda.

"Migomba imekauka," Filemon alisema.

Alipotoka, Winfrida alimfuata mpaka uani. Alimwambia jambo ambalo Filemon alilikumbuka mpaka mwisho. "Hasira yako juu ya lile jenereta ni ya haki, baba, na mimi siku yoyote nitakuunga mkono. Lakini leo anayedai gari ni Priska. Wakubwa watasubiri."

Gari lililokuwa karibu lilikuwa moja tu. Pale njia panda palisimama pikapu ya Deepak, kijana wa Kihindi kutoka Moshi mjini, mmoja wa wale wanunuzi binafsi. Msimu mzima Filemon alimpita bila kumjibu salamu. Aliwahi kumwambia mbele za watu kwamba yeye ni mkono wa wakubwa na mizani yake ina mdomo. Sasa alimwendea mbio, kofia mkononi, na maneno yakamtoka yamechanganyika, mkwe, damu, mguu wa baridi.

Deepak hakuuliza swali la pili. Alishusha magunia ya kahawa yaliyokwisha kupimwa, akayaacha barabarani.

"Mzee, leo mizani ni yenu, pimeni wenyewe," aliwaambia wakulima. Akawasha gari.

Wakati wanasubiri, Winfrida alikwishamfundisha Dominika la kufanya. Alimwekea mkono juu ya tumbo la Priska, akamwonyesha kuusugua mji wa mimba kwa mzunguko mpaka ukaze. Alimtaka Priska akojoe kwanza, maana kibofu kikijaa kinauzuia mji usijifunge. Mtoto aliachwa anyonye, kwa kuwa kunyonyesha kunaukaza mji wa mimba. Miguu ya Priska iliinuliwa kwa mto, mwili ukafunikwa asipoteze joto. Dominika alifanya yote, wala hakutoa neno, na kwa mtu kama Dominika hilo lilikuwa kubwa. Mle garini alisugua njia nzima, godoro alilolazwa Priska linaruka kwenye mashimo, naye mkono hautoki.

Hospitali waliyompeleka, ile anayofanya kazi Winfrida, ilikuwa na taa, na ilikuwa na watu. Filemon alikagua taa kabla hajakagua kitu kingine. Priska aliwekewa dripu kwenye mikono yote miwili, akaingizwa ndani. Daktari alitoka akasema kipande cha kondo kilikuwepo kweli na kimetolewa. Sasa anahitaji damu.

Filemon alikunja shati papo hapo, akatoa mkono. Wakamfunga kipimo. Nesi wa zamu alipampu mara mbili, kisha akamwita Winfrida aone. Mia na sabini juu, sabini na nne chini.

Filemon alikuwa ameshajifunza. Alitoa haraka, akapata tisini na sita, na kifua kikamjaa. Akawaambia basi moyo wake unarusha pipa zima, wachukue damu wanavyotaka.

Winfrida alicheka kidogo, akaketi naye kwenye benchi. Alimwambia si hivyo. Pengo linasema mambo mawili kwa pamoja, kiasi ambacho moyo unarusha na ulaini wa mshipa unaopokea. Mpira mpya wa kumwagilia ukirushiwa maji unavimba kidogo, unapunguza kishindo. Bomba kuukuu la chuma halivimbi. Maji yale yale yanaligonga kwa nguvu. Mishipa ya mtu ikizeeka inakakamaa, basi pengo linapanuka hata kama moyo haujaongeza kitu. Kwa kijana anayetoka kupanda mlima na mzigo, pengo pana ni moyo kufanya kazi. Kwa mzee aliyeketi kwenye benchi ni onyo. Yeye hatoi damu leo. Yeye anaanza kliniki ya presha.

Filemon aliishusha mikono ya shati, amenyong'onyea. Deepak alikuwa bado yupo, amesimama mlangoni na funguo za gari. Alisema yeye ni kijana, wampime. Wakampima, damu yake ikakubaliana na ya Priska. Filemon alimtazama akiwa amelala na mkono umenyooshwa, ngumi inafunguka na kufumba, na alijaribu kukumbuka ni nani hasa aliyemwambia kwamba mizani yake inaiba. Hakukumbuka hata mtu mmoja.

Kesho yake asubuhi walimruhusu kuingia wodini. Winfrida ndiye alikuwa anapima. Mia na kumi na mbili juu, sabini chini. Filemon alitoa kichwani, akapata arobaini na mbili. Alikwenda mwisho wa kitanda, akashika mguu wa Priska juu ya shuka.

Ulikuwa wa moto.

"Shikamoo, baba," Priska alisema. Ile sauti ya kwaya haikuwa imerudi yote, ila ilikuwa imeijua njia.

"Marahaba, mwanangu. Maji yamefika."

Primus aliteremka mlimani akakuta mke na mtoto nyumbani, wote wawili wanakula. Kisusio kilikuwepo, maana Dominika hakukiacha, ila safari hii kilikuja baada ya vidonge vya kuongeza damu na si badala yake. Dominika mwenyewe sasa akiitwa kwa mzazi hushika tumbo kwanza, hutandaza kondo kwenye beseni alitazame kama limetimia, na damu ikizidi haiiti tena chafu. Anaita gari. Akiwahi, anamwita na Winfrida, na mjamzito yeyote wa ukoo wake anamsukuma mwenyewe akajifungulie kwa mkunga.

Filemon hakuacha kuwasema wakubwa. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akamwuliza diwani lile gari la wagonjwa waliloahidiwa liko wapi, na likija, mafuta yake yatafungiwa stoo ya nani. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa kuwa na wao walitaka kujua. Winfrida aliketi mstari wa mbele, na ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Na kila mwezi Filemon huenda kliniki, ameoga, amevaa kofia. Chumvi amepunguza, pombe ya mbege ameipa mpaka, vidonge anameza. Huketi kwenye foleni na wazee wenzake, na wao huyasikia maelezo yake juu ya mfongo na ndoo, wengine mpaka wameyachoka. Juzi nesi kijana, mgeni kituoni, alimfunga kipimo, akasikiliza, akatabasamu.

"Mia na arobaini, mzee. Umejitahidi."

Akaanza kufungua. Filemon hakuondoa mkono.

"Na ya chini?" aliuliza.

Mstari mzima wa wazee kwenye benchi ulimgeukia nesi, ukisubiri kusikia.